Simu Ilikuwa na Kufuli, Somo

Somo yangu,

Leo sianzi na shikamoo. Nikianza na shikamoo nitakuona umekaa pale kwenye mkeka, miguu umeinyoosha, unaniitikia "marahaba mwali wangu," na nitalia, na mimi sitaki kulia. Nataka kukasirika kwanza mpaka nishibe. Shikamoo yako nimekuwekea, nitakupa nikimaliza.

Kesho ni arobaini yako. Mchele umekwisha chaguliwa, masufuria makubwa yameazimwa, na mwanao Mustafa ametangaza mtaa mzima kwamba hitima ya mama yake haitakuwa na mfano hapa Kinondoni. Ameleta maturubai. Ameleta viti vya plastiki badala ya mikeka, maana wageni wake siku hizi ni watu wa suruali za pasi, hawakai chini. Ng'ombe anakuja leo jioni. Ulipokuwa hai Mustafa alikuwa anakuletea maandazi ya jana.

Nakuandikia hapa kazini, saa ya chakula, bosi ametoka. Simu yake iko mbele yangu juu ya meza, nayo ina kufuli. Kila nikiitazama damu inanichemka.

Nataka ujue anachokisema Mustafa, kwa sababu wewe umelala zako makaburini huna habari. Amekisema kwa kila aliyekuja kutoa pole, wanaume kwa wanawake. Anasema, "Mama alikuwa peke yake na simu iko palepale. Lakini ndiyo hivyo tena, wazee wetu na mitambo wapi na wapi. Angejua kupiga simu, leo tungekuwa naye." Halafu anatikisa kichwa. Na watu wanatikisa vichwa pamoja naye, wanasema ni kazi ya Mungu, haina makosa.

Kazi ya Mungu haina makosa, sawa. Lakini hilo la simu ni uongo, Somo, uongo mweupe, na yeye anajua kwamba ni uongo, na bado anausema huku amekunja mikono kifuani kama imamu. Nilikuwa naupita ule uongo nikiwa nimebeba sinia za chai. Nikausikia ukumbini, nikausikia barazani, nikausikia uani. Mpaka nikaona kama chai yenyewe inanuka uongo.

Unaikumbuka nyumba yako ilivyokuwa? Mama yangu alipanga chumba kile cha kushoto karibu na choo, na mle ndimo nilimokulia. Ilikuwa nyumba ya watu. Usingeweza kukohoa mara mbili bila mtu kuuliza kutoka chumba cha mbele, "Bi Hadija, vipi huko?" Mle ndimo ulimoniweka ndani nilipovunja ungo, ukanifunda, nikawa mwali wako na wewe ukawa somo yangu mpaka kufa. Tulipanga foleni ya sukari pamoja, tukagawana sabuni kipande kwa kipande, na hatukuwahi kuwa wapweke.

Halafu biashara zikafunguliwa, Mustafa akaanza safari za Dubai. Akarudi na redio. Akarudi na video. Akarudi na televisheni, akafungua duka Kariakoo, na safari ya mwisho akarudi na maringo. Wapangaji wote akawatoa, eti mama yake apumzike. Akajenga ukuta, akapachika vipande vya chupa juu yake, akaweka geti la chuma. Alipomaliza, yeye na mkewe na watoto wakahamia nyumba mpya huko Mbezi, wewe ukabaki ndani ya ukuta na msichana wa kazi anayekuja asubuhi na kuondoka alasiri. Uliniambia umepumzishwa mpaka umechoka. Tulicheka. Siku hizi nikilikumbuka hilo sicheki.

Simu iliwekwa kwako kwa sababu Mbezi waya hazijafika. Haikuwa yako. Ilikuwa ya wateja wake: wakipiga, upokee, useme hayupo, yuko dukani, kisha uweke chini. Mtu mzima, kungwi aliyefunda nusu ya wanawake wa mtaa ule na mabinti zao, ukafanywa karani bila kuulizwa. Na ili karani asije akajisahau akapiga mwenyewe, Mustafa alichukua kufuli dogo, la sanduku, akalipachika kwenye tundu la kile kidude cha kuzungushia namba, kisizunguke. Ufunguo akautia mfukoni. Simu ikawa ya kupokea tu, kama mke aliyekatazwa kusema mbele za wageni.

Ulimwomba akufundishe. Nilikuwepo, nilikuwa nakusuka. Ulimwomba kwa adabu, kana kwamba yeye ndiye mzazi na wewe ndiwe mwana. Akacheka. Akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, mama. Wewe ulishakauka, nitakuvunja bure."

Huyu ni mtu anayeuza mitambo, Somo! Nimekwenda dukani kwake, nimemwona kwa macho yangu. Anasimama kutwa nzima akimwelekeza mteja asiyemjua hata jina: hiki kitufe cha kurekodi, hiki cha kurudisha nyuma, hapa unatia kaseti. Mteja asipoelewa anarudia, tena kwa tabasamu, jino la dhahabu nje. Alikuwepo mzee mmoja mkongwe kuliko wewe, wa kutoka Rufiji huko, akafundishwa redio mpaka akaondoka anaicheza mwenyewe. Kwa hiyo wazee wanafundishika, sharti wawe na pesa mkononi. Mama mzazi anaambiwa amekauka. Siku ile nilitaka kumrushia kitana usoni, na ninajuta kwamba sikumrushia.

Ulisubiri geti lijifunge, ukaniuliza, "Na hilo kufuli, halina dawa yake?"

Nikakwambia linayo. Vijana wote tunaofanya kazi maofisini tunaijua, maana mabosi wote wana makufuli. Huhitaji kuzungusha chochote. Unainua mkonga, unausikiliza ule mlio, halafu unagonga vile vitufe viwili ambavyo mkonga hukalia. Namba tatu ni mapigo matatu. Namba tano, matano. Unapumzika kidogo kati ya namba na namba. Sifuri ni mapigo kumi. Ukigonga polepole mno inakata, ukigonga ovyo inakupeleka kwa mtu usiyemjua. Mimi nilihangaika nayo muda mrefu, nikawa nawapata watu wa ajabu, hadi padri mmoja.

Ulinitazama kwanza. Kisha ukasema, "Kumbe ni ngoma."

Lakini hukukubali kufundishwa hivi hivi. Ulisema haijapata kutokea mwali akamfunda somo yake, na kama lazima itokee basi itokee kwa adabu zake. Ukafunga mlango. Ukatandika mkeka karibu na simu, ukakaa, ukanyoosha miguu, ukajifunika kanga gubigubi na kuinamisha uso, vilevile kama ulivyonikalisha mimi. Mwanamke mwenye wajukuu! Sauti ikatoka ndani ya kanga, "Haya kungwi, nifunde. Nikikosea nifinye." Ulipokosea nilikufinya kweli, la paja, kama ulivyokuwa unanifinya, ukapiga ukelele wa kitoto, tukacheka mpaka msichana wa kazi akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini.

Hukuwa mwanafunzi mpole. Ulikuwa unaitikia simu kwa kichwa, halafu unakasirika kwamba mtu wa upande wa pili haoni. Ulilalamika kwamba ule mlio una sauti moja tu, chombo gani kinaimba sauti moja. Tarakimu zikakataa kukaa kichwani, ukasema hazina uso. Ndipo ukazitungia maneno, kila silabi pigo moja, kama mnavyozishika ngoma zenu za unyago. Mbili ikawa "njoo." Tatu ikawa "njooni." Nne, "karibuni." Tano, "mwanangu njoo." Sifuri uliichukia kwa urefu wake, ukaipa dua: "Mola nipe nguvu nimalize." Ukaanza kugonga huku midomo inacheza, na vidole vile vilivyopiga ngoma tangu kabla mama yangu hajaolewa havikuchelewa hata kidogo. Mimi hugonga kama mtu anayebisha hodi kwa mdeni wake. Wewe ulikuwa unapiga kwa raha zako, bega moja likitikisika.

Siku ya pili yake simu ililia hapa, juu ya meza hii. Nikainua, nikasikia mtu anapumua tu. Haloo, haloo, kimya. Halafu ikaja sauti ya kunong'ona, kama uko msikitini: "Asha, nimegonga."

Tangu hapo ulinigongea kila saa ya chai. "Nimegonga," unacheka, unakata. Wenzangu ofisini wakaniuliza huyo ni nani, nikawaambia ni mwali wangu. Namba ya duka la Mustafa ukajifunza pia. Ulisema ipo siku utampigia mbele ya wateja wake wote, ajue kwamba samaki mkavu naye hukunjika akilowekwa. Ulikuwa unamtaka akusifu, Somo. Baada ya yote yale, bado ulikuwa unataka mwanao akusifu.

Hukupata kumpigia kwa mzaha. Ulimpigia siku kifua kilipokubana.

Haya yote uliniambia wewe mwenyewe ndani ya teksi, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu. Msichana wa kazi hakuja siku ile, alikuwa na homa. Ulikuwa umekunywa chai, kifua kikakubana kama mtu amekufunga kibwebwe akavuta. Ukajikokota ukumbini, ukagonga namba ya dukani. Ulisisitiza, na pumzi ile ya kuokoteza, kwamba hukukosea hata pigo moja. Mustafa akapokea. Ukasema, "Mwanangu, ni mie." Na yeye badala ya kuuliza una nini, akauliza, "Nani kakufungulia?"

Ukamwambia kifua.

Akasema, "Nakuuliza, nani kakufungulia hiyo simu? Weka chini, mie nina wateja. Tutaonana jioni."

Ukaweka chini.

Ukakaa pale sakafuni tangu chai mpaka adhana ya adhuhuri. Ungepiga kelele asingesikia mtu, ukuta ule haupitishi hata harufu. Wapangaji waliokuwa wanasikia kikohozi chako wameshatawanyika, mmoja Tandika, mwingine Mbagala. Simu iko juu ya kichwa chako na vidole unavyo, lakini mwanao kasema weka chini, nawe umetii. Ndipo adhana ikakuzindua, ukanigongea mimi. Nikasikia ile pumzi. Nikadhani ni mchezo wetu, nikasema, "Umegonga?" Ukasema, "Asha, njoo."

Nilitoka bila kuaga. Nilikukuta getini, umeshafungua komeo, umeegemea chuma na kanga imedondoka. Hospitali walifanya walichoweza. Daktari alinieleza mambo mengi na sikuyashika yote, ila neno "mapema" lilikuwemo, na hilo nimelishika. Mustafa alikuja jioni, kama alivyoahidi. Alfajiri ulikuwa umekwenda.

Sasa nikueleze ya msibani, maana hapo ndipo nilipokaribia kuvunja adabu zote ulizonifundisha.

Siku ya kuondoa tanga watani zako Wanyamwezi walikuja, kama ulivyopenda waje. Mama Kalunde akajitanda kanga yako ile ya bluu, akajipinda mgongo, akawa anatembea kama wewe. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Akavua ndala yake, akaiweka sikioni. Akaigeuza juu chini. Akaichungulia. Akapiga kelele, "Haloo! Haloo! We uliyemo humu ndani, mbona hutoki tukasalimiana?" Akaitikisa, akaibisha hodi, akaipigia magoti. Watu walivunjika mbavu, hata waliokuwa wanalia.

Mtani hakemewi. Hilo nalijua, nawe ungenifinya ningemkemea. Wala Mama Kalunde hana kosa, aliigiza alichosimuliwa. Lakini nilisimama pale na birika mkononi nikiwaona watu wanacheka mjinga ambaye hakuwa wewe. Nikamtazama Mustafa. Alikuwa anacheka naye. Anafuta machozi kwa leso na anacheka. Uongo wake wa kutolea pole ulikuwa umeshageuka mchezo, na yeye kakaa kiti cha mbele anaufurahia.

Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha kula. Aliinuka, akaenda kwenye simu, akakishika kile kikufuli mbele za watu, akasema, "Kufuli hili hapa. Halijaguswa." Kana kwamba kuna aliyemshtaki! Watu wakasema eeh, kweli, masikini. Yaani kufuli alilomfungia mama yake ndilo analoliita shahidi. Baadaye nilimwona chumbani kwako anapekua. Alikunja godoro, akapekua chini ya mito, akatikisa mikoba yako. Nilijua anachotafuta. Anatafuta ufunguo wa pili. Mpaka leo hajui ulifunguaje simu ile, Somo, na kitu hicho kinamla. Juzi aliniuliza mimi, kwa upole wa uongo, kama nimewahi kuona funguo ndogo mle ndani. Nikamwambia sijaona. Ndiyo kweli, sijaona.

Na wewe pia nimekukasirikia. Usidhani umepona kwa sababu umekufa.

Kwa nini ulimpigia yeye kwanza? Namba yangu ulikuwa unaigonga kila siku, hata usingizini ungeigonga. Kwa nini uliweka chini? Ulinifunda mimi kwamba mwanamke akiumwa asione haya kupiga kelele, kwamba haya imeua wengi. Somo hilo angelishika nani kama si wewe mwenyewe kwanza? Kijana uliyemzaa, uliyemchamba, anakwambia weka chini nawe unaweka! Halafu pale hospitali unanishika mkono, unanilisha yamini: "Nimemsamehe mwanangu. Usije ukamwaibisha mbele za watu, Asha. Aibu yake ni yangu." Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nifunike, na yeye aendelee kupita mtaani akikuita mjinga. Uchungu wa mwana aujua mzazi, wanasema. Sawa, mimi bado sijazaa. Lakini na uchungu wa somo anaujua mwali, na mbona huo hauna methali?

Nikwambie na hili. Sisi vijana tumejaa kiburi. Tunadhani tumezaliwa na redio mkononi. Tunamwona mzee anakodolea macho kitufe, tunamnyang'anya, tunabonyeza wenyewe, tunasema lete huko utaharibu. Nani alitufundisha kushika kijiko? Nani alitufundisha kufunga kifungo cha shati, kulia wapi, kushoto wapi? Walirudia mara ngapi, na sisi tunamwaga uji, na hakuna aliyetuambia tumekauka? Nikiwaza hivyo napata hasira mpaka na watu wasiohusika. Jana nimegombana na dada mmoja posta, alikuwa anamfokea mama yake kwenye kibanda cha simu. Hanijui, simjui. Aliniuliza nimetumwa na nani.

Aliyeniokoa ni Bi Tatu, shoga yako wa Temeke, mpiga ngoma mwenzio. Siku ile ya watani alinijia uani, akaniuliza, "We mtoto, mbona hukucheka?" Nikamwambia sijisikii. Akasema, "Mie nimecheka kwa mdomo tu. Hadija nimepiga naye ngoma tangu tuna meno yote. Mtu anayeshika mapigo kama yule hashindwi na sanduku lenye waya. Nambie." Nikamwambia, Somo. Nimemwambia yeye peke yake, na amekula kiapo chake. Ukitaka kunifinya utanifinya tukikutana.

Hakulia. Alikaa anachora chini kwa kidole. Halafu akasema, "Nifundishe na mie."

Basi kila Jumapili anakuja chumbani kwangu, na siku hizi haji peke yake, anakuja na wenzenu wa kundi la ngoma. Wale wengine hawajui lolote, wao wametaka kujua simu, basi. Mmoja ana binti Mwanza, mwingine ana mwana anayempigia na yeye hajawahi kumpigia. Sina simu, kwa hiyo tunagonga kwenye kifuniko cha sufuria. Nimewapa maneno yako yote, njoo na njooni na mwanangu njoo. Mama mwenye nyumba wangu anadhani tumeanzisha unyago wa chinichini. Wanakosea, wanafinyana, wanatukanana matusi ya kikungwi ambayo siwezi kuyaandika kwa taipu wala kwa mkono. Ile dua ya sifuri wanaiimba kwa pamoja, na wakifika "nimalize" mmoja lazima apige kigelegele. Siku ya kwanza walipoiimba nilitoka nje nikajifanya natafuta mkaa.

Wiki iliyopita Bi Tatu alikwenda kwako kusaidia usafi wa arobaini. Msichana wa kazi alikuwa uani anafua. Hapa ofisini simu ikalia saa ya chai. Saa yako. Nikainua. Nikasikia pumzi, kisha sauti nene kama ya mwanamume: "Ni mie Tatu. Nimegonga." Kufuli lilikuwa mahali pake, halijaguswa.

Sasa sikiliza tutakalofanya kesho.

Wanawake tutakuwa kwako tangu asubuhi kupika. Hitima ni baada ya alasiri, na Mustafa amesema atafungua duka mpaka adhuhuri, maana kesho ni siku ya wateja na mama ameshakufa hataharibika zaidi. Hilo la mwisho nimeongeza mimi. Wakati sisi tunakuna nazi, Bi Tatu atakwenda ukumbini, atatandika mkeka, atakaa, atanyoosha miguu. Si mimi nitakayegonga. Nimekataa. Nikigonga mimi watasema kijana kafanya ujanja wa vijana. Atagonga yeye, bibi wa Temeke asiyejua kusoma, kwa vidole vyenye baridi yabisi, namba ya duka, kwa maneno yako.

Nimefikiri sana kuhusu yamini yako. Nilitaka kusimama katikati ya maturubai yake niseme yote, mbele ya viti vyake vya plastiki na wageni wake wa suruali za pasi. Nilishapanga hadi maneno. Lakini ulinishika mkono, na mkono wako ulikuwa baridi, na yamini yako sitaivunja. Kesho hataaibika mtu. Bi Tatu atamwambia kwa sauti ya juu kwamba ni nyumbani kwa mama yake, na kwamba mchele hautatosha, aje na gunia jingine. Wanawake wote watasikia la mchele tu. Watasema ahsante Bi Tatu, umefanya la maana, na wataendelea kukuna nazi.

Ahadi yangu kwako ni hii, na nimeitoa nikiwa na hasira kwa hiyo itadumu. Mzee yeyote atakayeniomba nimwonyeshe kitufe, nitakaa naye kwenye mkeka. Atauliza mara ya kwanza na mara ya ishirini, nitajibu mara ya ishirini kama ya kwanza. Atakayetaka kunifinya kwa ukali wangu, anifinye. Na nikizaa, mwanangu nitamfunda hilo kabla ya mengine yote.

Haya, bosi anarudi, nasikia viatu vyake ngazini. Shikamoo, Somo. Shikamoo ya asubuhi, na ya mchana, na zote nilizokuwa nikupe. Lala, usiamke kwa ajili yetu. Mkeka wako nimeufua, kanga ya bluu nimemnyang'anya Mama Kalunde, ninayo mimi.

Ila kesho kabla ya adhuhuri, kama huko mliko kuna kusikia, tega sikio. Simu itakuwa inalia dukani Kariakoo, na ufunguo utakuwa mfukoni mwake. Atainua kwa ile sauti yake ya wateja. Akisikia inatoka kwako, namjua, hatauliza mchele kiasi gani. Atauliza lilelile alilokuuliza wewe: nani kawafungulia?

Bi Tatu jibu lake ameshalifanyia mazoezi. Atamwambia hakuna aliyetufungulia.

Mwali wako,
Asha